Muuza Maziwa wa Chechelesi Asiyeuhisi Moto

Kitendawili. Naogea moto kila siku, sabuni siijui, na nikitoka nanukia kuliko bibi harusi. Mimi ni nani?

Usikimbilie, fikiri kwanza. Umeshindwa? Basi toa mji. Umetoa Isiolo? Haya, mji umepokelewa, na jibu lake liko papo hapo Isiolo, mtaa wa Chechelesi, nyuma ya ua wa mabati ambako moshi mweupe hupanda kila asubuhi. Ni mtungi wa maziwa ya ngamia.

Saa kumi na mbili kasorobo. Tari Elema, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, ameketi kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani. Mbele yake kuna makaa na mitungi mitano. Anachukua kijiti cha mzeituni pori kinachowaka nchani, anakitumbukiza mtungini, anafunika, anatikisa. Moshi unashika kuta za ndani. Maziwa yakitiwa humo hukaa kutwa bila kuharibika, na mnywaji wa Nairobi akionja anajua yametoka kwa nani. Kazi hii Tari aliianza akiwa msichana wa miaka minane huko Sericho, na mama yake ndiye aliyemfundisha.

Anafungua mtungi, anaingiza mkono kukitoa kijiti. Punde kidogo harufu nyingine inatokea pale uani, na si ya mti. Tari ananusa, anageuza shingo huku na huku kama mtu anayetafuta kuku wa jirani aliyeingia kwake.

Nakal, mwenzake wa biashara, ndiye anayeuona ule mkono. "Mama Ado, ni wewe unaungua," anamwambia, na kumpokonya kijiti.

Kidole cha shahada kimekaa juu ya kaa kwa muda ambao mtu mwingine angepiga yowe likasikika hadi mtaa wa Wabera. Ngozi imekunjamana na kugeuka nyeupe. Tari anakitazama kidole hicho kana kwamba ni cha mtu mwingine, ameombwa tu akishike kidogo.

"Sikusikia," anasema taratibu. "Hata saa hii sisikii kitu."

Hii ni mara ya tatu kuungua tangu mwaka uanze. Kinachomzima vidole si uzee wala si baridi. Ni dawa, ile ile inayomweka hai.

Zamani, kiganja cha Tari kilikuwa kinaogopwa. Magari yanayotoa maziwa malishoni, upande wa Kulamawe, yakifika mjini na madumu ya manjano yamefungwa kamba, yeye alipita akiweka kiganja kwenye ubavu wa kila dumu. Dumu la baridi lilipita. Dumu lenye joto hata kidogo lilirudishwa, maana joto hilo ni maziwa yanayoanza kuchacha. Hakuwa na kipimo kingine, na hakukosea.

"Dereva akimwona Mama Ado anakuja na hicho kiganja, anaanza kuomba msamaha kabla hajaulizwa," anasema Nakal, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa. "Sasa wanamletea supu na yeye anapitisha."

Nakal anasema kwa mzaha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa tatu Tari aliyapitisha madumu mawili yaliyokuwa ya moto. Yalipofika Eastleigh, Nairobi, yalimiminwa pamoja na mengine, na yote yakaharibika. Mteja aliyekuwa akichukua lita mia moja na hamsini kwa siku akapunguza hadi arobaini. Siku hizi Nakal ndiye anayegusa madumu, na Tari anabaki uani na moshi. Na huo moshi nao, kama unavyoona, sasa unamla.

Ugonjwa ulianza kama maumivu ya mgongo. Kwa muuza maziwa wa Isiolo, mgongo ukiuma na homa ikija jioni, kila mtu ana jibu moja: ni brucella, ugonjwa wa kunywa maziwa mabichi. Tari alitibiwa brucella mwaka mzima na miezi miwili juu yake. Alichomwa sindano mpaka akakosa pa kukalia, kama anavyosema mwenyewe. Kisha siku moja aliinua dumu la lita ishirini, akasikia kitu kikilia ndani ya mgongo kama kijiti kikavu, na hakuinuka tena kwa wiki tatu.

Walipompima vizuri huko Meru wakamwambia ni saratani ya damu, ile inayojificha ndani ya uboho na kuitafuna mifupa kutoka ndani. Wakampa dawa mbili tatu. Mojawapo ni vidonge vyenye gamba laini, unga ndani, viitwavyo thalidomide. Kimoja kila jioni.

Dawa ilifanya kazi, hilo Tari halikatai. Mgongo ulitulia. Baada ya miezi miwili aliweza kuinama na kuswali. Lakini kila alichopewa alilipishwa. Usingizi ulimwangusha akiwa bado ameketi, kichwa kikagonga mtungi. Tumbo lilifunga siku sita. Alipewa aspirini ya kila siku ili damu isigande miguuni, kwa sababu dawa hii huigandisha, na damu ikiganda mguuni ikapanda kifuani, mtu anaweza kuondoka akiwa anazungumza. Kisha zikaja sindano ndogo ndogo kwenye ncha za vidole, kama mtu aliyelalia mkono. Zilikaa wiki chache, zikaondoka. Zilipoondoka, ziliondoka na vidole.

Alimuuliza daktari kama vitarudi. Daktari hakumdanganya. Dawa ikipunguzwa, huenda vikarudi kiasi, na huenda visirudi. Ikipunguzwa sana, ugonjwa utaamka.

Siku ile ya kwanza Tari alipewa maagizo mengi kwa kikao kimoja, akiwa na maumivu na akiwaza gari la kurudi. Aliulizwa kama nyumbani kuna mwanamke mjamzito. Akasema hakuna, na siku ile hakuwako. Akaambiwa asimgawie mtu yeyote dawa hiyo. Hilo alilishika kama sala. Jirani mwenye mgongo mbovu alikuja kuomba vidonge viwili tu ajaribu, Tari akamnyima, na walikaa mwezi hawasalimiani.

Vidonge alipewa karatasi zake zimekatwakatwa na kutiwa kwenye bahasha ya kaki. Boksi lilibaki hukohuko. Kama lilikuwa na picha au onyo, yeye hakuliona.

Anaishi na mke wa mwanawe, Istahil, mwenye miaka ishirini na minne. Mwana mwenyewe, Ado, yuko Sericho na ngamia, maana ukame ukikaza mwenye ngamia hakai mjini. Istahil ana miaka mitano ya ndoa na mimba mbili zilizotoka. Zote mbili zilitangazwa mapema, na zote mbili alikwenda kliniki mapema. Ndiyo maana katika nyumba hiyo wamekubaliana bila kukubaliana: mimba haitajwi, si kwa jirani, si kwa muuguzi, mpaka tumbo lijitaje lenyewe.

Istahil ndiye aliyekuwa mikono ya mama mkwe wake. Vidole vya Tari vilipokataa kusukuma kidonge kitoke kwenye karatasi yake ya kung'aa, Istahil alikisukuma. Koo la Tari lilipofanya vidonda na kidonge kikawa kinakwama, Istahil alikifungua gamba, akamwaga unga kwenye kikombe cha maziwa, na akakoroga kwa kidole chake ili usibaki chini. Hakuna aliyemfundisha. Ni akili ya mtu anayempenda mtu.

Tari alikunywa baada ya swala ya magharibi, na hakumaliza. Katika ukoo wao, mkubwa hamalizi maziwa. Anaacha mafundo mawili chini ya kikombe na kumpa mdogo, na pamoja na maziwa anampa neno jema. Mama yake alimwachia yeye. Yeye alimwachia Ado. Na kila jioni, kwa miezi mitano, alimpa Istahil kile kikombe kwa mikono miwili na kumwambia, "Kunywa, Mwenyezi Mungu akujaze." Istahil alikunywa na kuitikia amin.

Mungu akamjaza. Mwezi wa kwanza wa mimba ulipopita, Tari alijua kwa namna binti huyo alivyoanza kuukimbia moshi wa mitungi. Aliendelea kumwachia mafundo yake mawili, na siku nyingine aliacha matatu.

Wiki mbili zilizopita Tari aliungua mara ya pili, vidole viwili kwa mpigo, na akaenda kuvisafisha kwenye kliniki ya mjini. Pale kuna muuguzi mmoja, Sista Gacheri, mwanamke mpole wa Kimeru anayevaa miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa akisafisha kidonda huku akizungumza habari za mvua, kisha akasimama.

"Mama, kama hivi vidole havishiki hata moto, dawa unaitoaje kwa karatasi yake?"

Tari akasema anasaidiwa. Sista Gacheri akaweka pamba chini. Akaeleza polepole, kama mtu anayebeba mayai. Kidonge kile hakifunguliwi. Unga wake haupaswi kugusa mkono wa mwanamke mwenye mimba, sembuse mdomo. Ukimwingia katika wiki zile za mwanzo, mtoto anapoanza kuumbwa, unaweza kuzuia mikono isiote. Miguu pia. Wakati mwingine masikio, wakati mwingine moyo. Si lazima iwe hivyo kila mara, lakini kidonge kimoja kinaweza kutosha.

Kisha akauliza, "Nani anakufungulia dawa, Mama?"

Tari aliangalia chini. Sakafu ya kliniki ina vigae vyeupe na vya kijani, na anasema alivihesabu vyote kutoka mlangoni mpaka kitandani. Alitaka kujibu. Lakini akijibu atakuwa ameitaja mimba ambayo haijatajwa, mbele ya mtu wa nje, na mbili zilizotajwa zilikufa. Na akijibu, neno hilo litarudi nyumbani kwa njia yoyote, na Istahil atajua kilichokuwa ndani ya kikombe cha baraka.

"Usinijibu leo kama inakulemea," Sista Gacheri alimwambia, akafunga bandeji. "Lakini nitauliza tena."

Jioni hiyo Tari alifungua kidonge mwenyewe kwa meno. Hakuweza kukimeza, akakitema jivuni. Maziwa alikunywa, na yale mafundo mawili akayamwaga chini, maana kikombe chenyewe hakukiamini tena. Istahil alikuwa amesimama palepale, mikono ameshaikunjua kupokea.

Alichukua kikombe kitupu, akakiosha muda mrefu kuliko kinavyohitaji kikombe. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Siku ya nne Ado alipiga simu kutoka Sericho, mahali ambapo mtu hupanda kilima kutafuta mtandao, akamuuliza mama yake ni kosa gani mke wake amefanya hata akaondolewa baraka. Tari akamjibu kwamba hakuna kosa, mtandao ni mbaya, na akakata.

Vidonge alivifunga kwenye kitambaa akavizika ndani ya debe la unga ambalo halitumiki, asije mtu akavigusa. Tangu siku hiyo hajameza hata kimoja. Hakumwambia yeyote. Mgongo umeanza kurudi, kwanza asubuhi, sasa kutwa. Vidole havijarudi.

Anasema kuna saa anaipiga hesabu ya siku kwa kurudi nyuma, hii hapa siku Istahil alipoanza kukimbia moshi, hii hapa siku aliyoachiwa mafundo matatu, na hesabu kila mara inamfikisha palepale. Vidole vyake vimekufa. Vya yule mwingine, huenda havikuota. Na aliyenywesha ni yeye, kwa mikono miwili, na dua juu yake.

Basi turudi uani. Nakal anamwagia maji kile kidole na hataki kusikia kwamba ni kidonda kidogo.

"Kidogo kama nini? Nimesikia harufu nikafikiri leo tunakula," anasema. Halafu anapoona mwenzake hacheki, anashusha sauti. "Wewe umekauka, Mama Ado. Unakaa upande kama meza ya mguu mmoja. Dawa unameza?"

Tari anasema anameza. Nakal anamtazama kwa jicho la mtu anayejua dumu lililotiwa maji, kisha anaita bodaboda bila kuomba ruhusa.

Istahil anatoka ndani amejifunga buibui tayari. Anasema atamsindikiza mama, hawezi kwenda peke yake na mkono huo. Tari anamwambia abaki, kuna mitungi. Nakal anasema mitungi ni yake leo. Tari anamwambia jua litakuwa kali. Istahil anajibu kwa adabu, macho yakiwa chini, kwamba jua la Isiolo amelizoea.

Hapo Tari anaingia ndani na kukaa humo kwa muda. Anapotoka, ana kitambaa kimefungwa fundo, na unga umemshika hadi kwenye kiwiko.

"Twende," anasema. "Lakini hiki nabeba mimi. Usikiguse."

Kwenye benchi la kliniki foleni ni ndefu. Mzee mmoja anamlalamikia kila anayepita kwamba amekuja kabla ya wote na ameitwa baada ya wote. Istahil anakwenda kumtafutia mama mkwe wake maji ya kunywa. Ndipo Tari anajisemea kwa sauti ya chini yale ambayo hajayasema mahali pengine.

"Watu wananiuliza naogopa kufa. Mimi niliogopa siku ya kwanza, ikaisha. Nataka mjukuu nimshike. Hata kama mimi sitasikia kwamba nimeshika, yeye asikie. Kama hana mikono, nitamshika hivyo hivyo. Lakini mama yake ataniangaliaje?"

Mpango anao, kama mtu anaweza kuuita mpango. Amesikia kuna picha inayopigwa tumboni, inayoonyesha mtoto alivyo. Gharama yake haijui. Ana ndama mmoja wa ngamia, jike, aliyewekewa jina lake huko Sericho, na yuko tayari auzwe. Picha haitarudisha kilichokwisha kunywewa, hilo analijua. Ila itamwambia Istahil ukweli akiwa amelala kitandani na watu wamemzunguka, si siku ya uchungu. Na dawa yenyewe, kama ni lazima airudie ili aishi, basi ikae nyumba nyingine, kwa Nakal, ambaye hedhi ilimwacha zamani na anajisifu kwa hilo.

Istahil anarudi na maji. Jina linaitwa.

Sista Gacheri anaanza na kidole. Anakisafisha, anakipuliza, anatikisa kichwa. Istahil amesimama nyuma ya kiti cha mama mkwe wake, mkono mmoja begani mwake, ule mwingine juu ya tumbo bila yeye mwenyewe kujua. Kisha muuguzi anaomba kuona dawa zilizobaki. Tari anaweka kitambaa mezani na kulifungua fundo kwa meno. Sista anavaa glavu mpya kabla ya kugusa, na anahesabu kwa sauti ya chini.

Vilivyotolewa mara ya mwisho, wiki mbili zilizopita, ni ishirini na vinane. Vilivyomo ni ishirini na saba.

"Mama, hujameza," anasema. "Wiki mbili nzima. Ugonjwa huu haukupi wiki mbili."

Mkono ulio begani unakaza. Istahil anauliza, na ni mara ya kwanza sauti yake inasikika humo ndani, ni kwa nini mama hakumwambia, yeye angemfungulia kama siku zote.

Sista Gacheri anainua macho. Anamtazama Istahil, anautazama ule mkono mwingine ulipo. Anavua miwani, anaining'iniza kwenye uzi wake. Halafu anamgeukia Tari, na swali analiuliza kama alivyoliuliza mara ya kwanza, bila kuliongeza wala kulipunguza.

"Nani anakufungulia dawa, Mama?"

Dirishani mtu anacheka na mwenzake kwa Kiturkana. Pikipiki inakataa kuwaka, inawaka. Tari hatazami sakafu. Anageuka pale kitini, pole pole kwa sababu ya mgongo, mpaka uso wake unaelekea uso wa mke wa mwanawe, na anamjibu muuguzi huku akimtazama yeye.

"Ni huyu, Istahil wangu. Mimba yake ni ya miezi minne. Alikuwa anafungua kwa mkono wake, halafu mabaki ya kikombe nilikuwa ninamnywesha mimi."